MJADALA: Touch of Evil kwa mgeni wa noir, toleo lipi?

mkanda35
Wakuu, salaam. Mtu anayeanza noir, yaani filamu za uhalifu zenye giza na vivuli, aliyekwisha kuona Double Indemnity (1944) na Out of the Past (1947) akiuliza inayofuata, wengi tunamtajia Touch of Evil ya mwongozaji Orson Welles kisha tunanyamaza. Lakini jina hilo ni la filamu tatu. Welles alipiga picha mwaka 1957 mjini Venice, California, uliogeuzwa kuwa mji wa mpakani kati ya Marekani na Mexico. Studio ya Universal ikamwondoa kwenye uhariri na kumpa Harry Keller kazi ya kupiga vipande vya ziada. Desemba mwaka huohuo Welles akaonyeshwa walichofanya, akaandika waraka wa kurasa 58 wa kuomba marekebisho. Mwaka 1958 ikatoka ya dakika 96. Miaka ya 1970 likaibuka toleo la majaribio, lile la kupimia watazamaji kabla ya filamu kutoka, dakika 108. Mwaka 1998 Walter Murch akahariri upya kwa kuufuata waraka ule, dakika 111.

Nasema mgeni aanze na la 1998, na hoja yangu ni zile dakika tatu na ushee za mwanzo. Mkono unategesha saa ya bomu, bomu linatiwa kwenye buti la gari la wazi. Kamera inapanda na kreni hadi juu ya mapaa, inashuka, inalifuata gari mtaa kwa mtaa. Vargas, mpelelezi wa Mexico, na mkewe Susie wanatokea kwa miguu. Gari linawapita, wanalipita, hadi kizuizi cha mpakani. Hakuna mkato hadi mlipuko. Mwaka 1958 majina ya waigizaji yalibandikwa juu ya tukio hilo na muziki wa Henry Mancini ukalifunika. La 1998 picha ni safi: muziki unatoka baa hii, unafifia, unapokewa na wa baa ile, na redio ya gari inakwambia bomu liko karibu hata gari likiwa nje ya picha.

kinanda_cha_tana
Mkuu, hapo sikubaliani. Zile ngoma za Mancini ndiyo saa ya bomu yenyewe. Ukizitoa unabaki na kelele za mtaani. Halafu tuambizane ukweli: Welles alifariki 1985. Waraka ule uliandikwa na mtu aliyekwisha kunyang'anywa kisu, anaomba kwa adabu walau ashikishwe mpini. Aliomba vile alivyodhani studio ingekubali, si vyote alivyotaka. Kwa hiyo la 1998 ni kazi nzuri ya Murch. Mgeni apewe kilichoonwa na watazamaji wa 1958.

Na tena, anayemtafuta Welles amtafute nyumbani kwa Sanchez, kijana anayeshukiwa kutega bomu. Vargas anaangusha boksi la viatu bafuni, tupu. Baadaye kidogo ndani ya boksi lilelile "zinapatikana" baruti mbili. Kamera inazunguka vyumba vile vidogo dakika kama 5 bila kukata, kuta za seti zikisogezwa ili ipite. Kwangu linaushinda ule mwanzo, na kwa kiasi kikubwa halitegemei toleo.

mkanda35
Nyumbani kwa Sanchez hatugombani. Ila usilifanye la 1998 kama ni suala la majina na muziki tu. Mabadiliko yanafikia kama 50. Baada ya mlipuko, studio iliweka mkutano wa Susie na jambazi Grandi kama bonge moja. Waraka uliomba upishanishwe na Vargas na wapelelezi, na Murch akafanya hivyo. Ukitazama hivyo unaelewa mara moja kwamba mume anakimbilia kesi wakati mke anaingia mtegoni.

Kuna na kitu kidogo kuliko hicho: picha moja ya karibu ya uso wa Menzies, msaidizi wa Quinlan, yule polisi wa Kimarekani, anapobanwa na Vargas kuhusu bosi wake huyo. Welles aliomba iondolewe akilaumu lenzi. Ikiondoka, Menzies haonekani tena kama mtu aliyevunjwa. Anachofanya mwishoni kinakuwa uamuzi wake.

bi_projekta
Kabla hamjaendelea, ndugu zangu, wengi hawajui wana toleo gani mkononi. Jalada halisaidii. Weka filamu, tazama dakika ya kwanza: majina juu ya gari maana yake ni la 1958 au la majaribio, picha safi ni la 1998. Kisha angalia urefu, ila kwa hesabu. DVD ya PAL, ambao ndio mfumo uliozoeleka kwetu Tanzania na Kenya, huchezesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24. Dakika 111 zinashuka hadi karibu 107, na watu wanashangilia kwamba wamepata la 108! Hilo la 108 kwenye PAL linasomeka kama 104, la 96 kama 92.

Kwenye TV: zima kile kinacholainisha mwendo, shusha makali ya picha hadi karibu na sifuri, na kwa kuwa filamu ni nyeusi na nyeupe, rangi iweke sifuri kabisa kama nyeupe inaelekea ukijani. Mwanga uongeze mpaka uone mikunjo ya koti la Quinlan usiku, usizidishe, maana vivuli vya mpigapicha Russell Metty vikigeuka kijivu filamu imekufa. Na mwisho wa filamu, kule darajani, mwangwi wa sauti ndio unaoendesha kisa. Spika za TV nyembamba zinaumeza. Tumia hedifoni.

kivuli_kirefu
Bi Projekta hajagusa umbo la picha. Ziko diski za 1.85 na za 1.37, yaani upana wa picha ukigawanywa kwa kimo chake. Sinema za Marekani mwaka 1958 zilionyesha pana, kwa hiyo 1.85 ndiyo halali, ingawa kwenye 1.37 unaona dari zaidi, na Welles alipenda dari. Ila usivute 1.37 ijaze kioo. Quinlan ni mnene vya kutosha.

pande_zote_mbili
Nyote mmeruka jambo ambalo mgeni ataliona kwanza: Charlton Heston, anayeigiza Vargas, kapakwa rangi usoni ili awe Mmexico. Mtu asipoambiwa mapema atakwama hapo.

kinanda_cha_tana
Aambiwe, ndiyo. Siitetei rangi ile. Aambiwe pia kwamba anayepandikiza ushahidi ni polisi wa Kimarekani, na anayemfichua ni huyo Mmexico.

mkanda35
Basi tukubaliane hili dogo, mzee wa kinanda: mgeni aone la 1998 zima, kisha siku ya pili aweke la 1958 aone ule mwanzo tu, aisikilize ngoma ya Mancini. Akikuunga mkono wewe, sitabisha.

kinanda_cha_tana
Na kinyume chake, mkuu. Akikuunga mkono wewe, nami sitabisha.