MP3 ya "GB 64" kutoka Malindi imemeza kaseti 28 za ami, na muuzaji aniambia mimi ndiye sijui kutumia

Mods, tafadhali musinifutie uzi huu. Duka silitaji wala mtu simtaji. Lakini nisiposema leo nitapasuka.

Ami yangu alikuwa nahodha. Sasa macho yameingia ukungu na simu za kupapasa hazimkubali: akigusa hapa yafunguka mengine. Alitaka kitu kimoja tu, kidude cha vitufe anachoweza kukijua kwa kidole, ajilaze barazani asikilize kaseti zake. Anazo 41, ndani ya kasha chini ya kitanda. Kuna za Zein l'Abdin, mwimbaji wetu wa taarabu wa Lamu aliyefariki 2016, kuna za kasida, na kuna zile zilizorekodiwa harusini na watu wenyewe kwa redio ya mkono, ambazo ndani yake mna sauti za wazee tuliokwisha kuwazika. Na hewa yetu mwaijua. Chumvi na unyevu havibagui. Ukifungua lile kasha, harufu ya ukungu ndiyo inayokupokea.

Nikaazima deki ya kaseti, nikavuta waya kutoka tundu la headfoni hadi laptopu, nikafungua Audacity, programu ya kurekodi sauti. Kwa wasiojua: kaseti haihamishwi kwa kubofya. Ya dakika 60 yataka dakika 60, uikalie pale, upande wa A ukiisha ugeuze, na stima ikipotea katikati waanza Bismillahi upya. Wiki tano za usiku. Nilizitoa kwa 192kbps (kipimo cha data ya sauti kwa kila sekunde; ikizidi, faili huwa kubwa), kila moja ikaja kama MB 86. Kaseti zote 41 hazifiki hata GB 4. Wekeni hesabu hiyo akilini.

Malindi nilikwenda kwa shughuli nyingine. Mashua hadi Mokowe, kisha basi, Witu, Garsen, zaidi ya kilomita 200 magoti yakiwa kidevuni. Kabla ya kurudi nikaingia duka moja la vifaa vya simu. Kijana akanitolea boksi zuri, karatasi inang'ara: GB 64, nyimbo 100,000, yasoma faili za kila aina. Shilingi 3,200. "Kaka, hii utasahau simu." Nikalipa.

Hapo najilaumu, kwa sababu hesabu ilikuwa imeandikwa usoni pa boksi na mimi sikuipiga. GB 64 ukizigawa kwa nyimbo 100,000 wapata KB 640 kwa wimbo mmoja. Kwa 128kbps, hizo ni sekunde 40. Taarabu ya sekunde 40! Udi, ile ala ya nyuzi, wenyewe haujamaliza kujipasha. iPod ya kwanza, ile ya 2001, ilikuwa GB 5 na Apple wakasema nyimbo 1,000, yaani MB 5 kila wimbo, maneno yanayoingia akilini mwa mtu. Apple waliachana na iPod mwaka 2022, na kaunta zetu zimebakiwa na maboksi yasiyo na baba wala mama.

Kufika Lamu, vituko. Waya uliokuja nayo wachaji tu, kompyuta haioni kitu. Nimepoteza magharibi nzima nikidhani ni laptopu yangu, kumbe ndani ya waya ule hamna nyuzi za kupitisha data. Nikaazima wa jirani, ikafunguka. Kasida nilizorekodi kwa simu ikazikataa zote kwa kuwa ni m4a, aina nyingine ya faili ya sauti, ikawa kazi nyingine ya kuzigeuza mp3. Na hii "faili za kila aina"! Halafu haipangi nyimbo kwa majina, yazipiga kwa mpangilio zilivyoingia. Upande wa B ukanitangulia upande wa A. Hilo nilitengeneza: nikafuta, nikatia namba 01, 02, 03 mbele ya majina, nikaziingiza moja moja kwa zamu. Haya yote niliyavumilia. Rahisi yataka subira, nikajiambia.

Nikaanza kujaza. Kwanza Qur'ani juzuu zote 30, kisha mawaidha, kasida, na nyimbo za zamani nilizokuwa nazo. Zikafika kama GB 6. Kaseti za ami nikaziweka mwisho, kama mtu anavyoweka kitoweo juu ya wali. Na laptopu yangu diski imejaa hadi pomoni, basi zile faili za kaseti sikuzikopi. Nilizikata nikazibandika, kwenye laptopu haikubaki hata moja. Nacheka sasa, lakini si kicheko. Najua mutakaloniandikia huko chini, andikeni, nimestahili.

Majina yote 41 yakatokea. Kidude chasema nafasi iliyobaki ni kubwa, bado GB hamsini na kitu. Nikampa ami. Siku mbili alistarehe. Siku ya tatu akaniita, "Mwanangu, mbona watu wamenyamaza?" Kaseti 13 za mwanzo zalia vizuri. Kuanzia ya 14, jina lipo, dakika ni 0:00, yaruka, jina jingine, 0:00, yaruka. Majina 28 matupu, kama vibao vya makaburi.

Nikaipima kwa programu iitwayo H2testw, ya bure. Hiyo huandika data hadi kujaza kifaa chote, kisha huisoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Kwa mwendo wa kidude hiki ilichukua usiku mzima. (Kabla ya hapo niliokoa zile 13, mara hii nikakopi, si kukata.) Asubuhi jibu: kilichomo kweli ni GB 7.2. Zilizobaki hazipo, hazikuwahi kuwapo. Maana yake kile kichipu kidogo kinachosimamia memori kimefundishwa uongo. Kompyuta ikikiuliza wewe ni GB ngapi, chajibu 64. Ukipitisha uwezo wake halisi chaendelea kusema "nimepokea, nimepokea", na kila unachotia chamwagika. Orodha ya majina huwa imekaa sehemu ya mwanzo iliyo nzima, ndiyo maana waona majina na sauti huna.

Na kuna dalili nyingine iliyonipita. Memori ya GB 64 ya kweli, Windows huionyesha kama 59 hivi, kwa kuwa watengenezaji wahesabu kwa elfu na Windows yahesabu kwa 1,024. Hii yangu ilionyesha 64 kamili. Mwongo huyu hata kuongopa hajui.

Nikapiga simu dukani. Mwanzo ilikuwa kaka, kaka. Nilipotaja GB 7 ikawa "bosi, umeingiza vibaya." Kisha "utakuwa umezifuta mwenyewe." Kisha "sehemu ya memori hutumiwa na sistimu." Sistimu gani hiyo yenye GB 56, ina wake wanne? Nikamtumia picha ya matokeo ya kipimo. Akanijibu kwa picha ya risiti yangu, ameizungushia duara: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi.

Nami nasema hivi. Risiti haiko juu ya Katiba. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 chasema mnunuzi ana haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na ya habari anazohitaji kufaidika nayo, na ya fidia akipata hasara kwa kasoro. Sheria ya Kulinda Wanunuzi ya 2012 nayo ipo. Kuandika 64 juu ya kitu cha 7 si "kuingiza vibaya". Ni kama kuuziwa gunia la mchele, ukifungua juu mchele, chini mchanga wa Shela. Naye anajua sitapanda basi kilomita 200 kufuata 3,200. Biashara yote imejengwa juu ya nauli yangu.

Mulio Malindi na Kilifi na munavyo vidude hivi, vipimeni leo kabla hamujavijaza. Na anayetaka kununua, mimi nilipaswa kuchukua cha tundu la memori kadi, kadi niinunue peke yake na niijaze mbele ya muuzaji, GB 32 zamtosha mzee yeyote. Laptopu nilikuwa nayo begani siku ile. Nilikuwa na haraka ya basi.

Watakaosema "si unazo kaseti, rekodi tena": kati ya hizo 28, nyingi nitarudia, ndiyo. Lakini moja ilikatika kwenye deki mara tu ilipomaliza upande wa B, mkanda umekunjana kama tambi. Nyingine mbili hazikuwa za ami, mwenyewe alikuja kuzichukua akahamia nazo Mombasa, na simu yake haipatikani. Za Zein sizililii, mtu mwingine atakuwa nazo. Naililia ile iliyokatika. Ni ya harusi, na katikati ya wimbo ami mwenyewe asikika akicheka, kijana, sauti haijakwaruza.

Nyongeza, saa tano usiku: munaoniuliza jina la duka inboksi, nimesema sitaji. Mwenye kunisaidia kweli aniambie nani Lamu hii anajua kuunga mkanda wa kaseti kwa ule utepe wake wa gundi bila kula sauti, na kama kuna mwenye deki inayozunguka sawasawa ya kukodisha. Ile ya kuazima wameshaichukua.