Nimebadilisha shokapu, maunting na bushi, kumbe ni linki ya stabilaiza! Mafundi, acheni kubahatisha kwa hela zetu

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuzificha.

Nina Corolla NZE121 ya 2002, namba C, huu mwaka wa saba niko nayo. Injini haijawahi kunisumbua hata siku moja. Mwezi wa tatu ikaanza kugonga mbele kushoto. Kwenye tuta kubwa iko kimya, ila nikiingia njia yetu ya vumbi huku Mbezi, mwendo wa 20 tu, ni kok kok kok kwa kila kijiwe. Nikaipeleka gereji niliyoizoea miaka yote. Fundi hata chini hakuingia. Akakandamiza boneti kwa mikono mara mbili, akasema, "Bosi, shokapu zimekufa hizi." Nikatoa 220,000, shokapu mbili za mtumba pamoja na ufundi. Sijafika hata barabara kubwa, kok kok.

Nikarudi. Safari hii ikawa maunting, zile raba za juu ya shokapu, 70,000. Ikagonga vilevile. Nikarudi tena, sasa ni bushi zote nne za loya amu, ile mikono ya chuma ya chini inayoshika mguu wa tairi. Siku hiyo nilikaa kwenye benchi nikaangalia kazi mwanzo mwisho.

Bushi za zamani zilitolewa kwa nyundo na tindo. Mpya zikapigiliwa kwa nyundo hiyohiyo. Moja iliingia upande, akaigonga pembeni mpaka ikakaa. Halafu amu zikafungwa gari ikiwa juu, tairi zimetolewa, amu zinaning'inia. Kijana akachomeka bomba kwenye spana ili apate nguvu, akakaza mpaka mwisho. Wakarudisha tairi, wakashusha gari, nikalipa.

Kwa asiyejua ubaya uko wapi: bushi ya amu, hasa ile ya mbele inayopitiwa na bolti iliyolala, ni mpira ulioshikana na bomba mbili za chuma, moja ndani na moja nje. Bolti ikikazwa, bomba ya ndani inabanwa, haizunguki tena. Amu ikipanda na kushuka, kinachojinyonga ni mpira. Sasa ukikaza amu ikiwa inaning'inia, gari ikishushwa mpira unakaa umenyongwa muda wote, hata usiku gari imepaki. Ukiingia shimo unanyongwa zaidi, na haukawii kuchanika. Bolti zile zinatakiwa zishikizwe tu kwanza, gari isimame kwa uzito wake na itikiswe kidogo, ndipo zikazwe. Kama gereji haina shimo la kuingia chini, jeki ya pili inawekwa chini ya amu, inapandishwa mpaka gari ianze kuiegemea. Hakuna mashine ya mamilioni hapo. Ni jeki!

Bushi zangu zimemaliza wiki tisa. Ile ya kushoto ilikuwa na mpasuko unaoingiza ncha ya kidole. Na kwa kuwa hakuna aliyeniambia niende alaimenti, yaani kupimiwa na kunyooshewa tairi, baada ya kufungua mguu wote, tairi la kushoto limeliwa upande wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana. Kwa nje unaliona zima kabisa. Kwenye gari hiyo napanda na mke wangu na watoto wawili kila Jumapili, barabara ya Morogoro, mwendo wa 80. Nikifikiria tairi lile lingepasuka, usingizi unanikatika.

Ndugu yangu mmoja akanipeleka kwa mzee fulani huko Kibaha. Mzee akaingiza gari juu ya shimo, tairi zote chini, akaniambia nitikise gari kwa kusukuma boneti. Yeye huko chini ameshika kwa vidole linki ya stabilaiza, kile kijiti chenye jointi kila ncha kinachounganisha shokapu na chuma cha kuzuia gari kulala kwenye kona. Hata dakika tano hazikufika, akaniita, akaniwekea vidole pale pale. Nikaisikia: tik, tik, inacheza. Kiatu cha mpira kimechanika, kigololo cha ndani kimekauka grisi na kushika kutu. Linki mbili mpya, 50,000. Kelele imeisha siku hiyohiyo.

Nimerudi gereji ya kwanza kwa heshima, sikupiga kelele, nikadai angalau bushi wanirudishie. Jibu la mwenye gereji: "Gari ya zamani hiyo bosi, lazima isumbue." Hilo ndilo limenichoma kuliko hela. Gari ya zamani ndiyo inayotaka fundi aingie chini, ashike kila jointi kwa mkono, aangalie kila mpira kwa tochi kabla hajanituma dukani. Ameniuzia makisio matatu, kila kisio kwa bei kamili, halafu anaisingizia gari.

Shokapu zilizotolewa pia hazikuwa zimevuja hata tone la oili. Niliwaachia palepale kwa kuamini ni mbovu, na bila shaka sasa ziko chini ya gari ya mtu mwingine.

Sasa wakuu, nina maswali mawili na naomba majibu ya kweli. Kuanzia Mbezi mpaka Kibaha, nani anamjua fundi mwenye presi ya kusukumia bushi, siyo nyundo, maana yule mzee hana? Na Kariakoo au Gerezani, ni wapi napata bushi mpya za NZE zenye mpira wa maana? Naombeni kabla ya Jumapili, gari nimeipaki.