Ati "ng'ombe hana taa ya nyuma na nyumbani anafika": nimedhalilishwa kwa yule bwana wa baiskeli

MamaTrei ameandika:

Salaam wanajukwaa. Naandika nikiwa bado na hasira, chai imepoa mezani na mikono inanitetemeka, kwa hiyo mtanisamehe nikilirudia jambo moja mara mbili au mara kumi. Simtaji mtu jina, na sioni haja ya kumtaja. Yeyote aliyewahi kununua hata kengele ya baiskeli katika jiji hili la Dar es Salaam anamjua yule bwana: redio yake haizimwi, pampu yake haijawahi kujaza tairi tangu Uhuru, na mteja akiingia hasalimiwi mpaka bwana amalize kubishana na mtangazaji.

Wengi mnaifahamu baiskeli yangu, ile ndefu ya mizigo ambayo watoto wa mtaani wameibatiza jina la Mwendokasi. Niliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa akihama Masaki. Ni Yuba Mundo, ambayo gurudumu lake la nyuma limesogezwa mbali na mwendeshaji hata keria ikawa ndefu kama meza ya kulia, na watengenezaji wanasema inabeba kilo 200 bila kumhesabu aliyeipanda. Mimi sijawahi kuitwisha kilo 200. Naitwisha trei kumi, yaani mayai 300, nikiondoka Tegeta saa kumi na moja alfajiri wakati barabara bado ni giza tupu, na jioni nikirudi nampitia mwanangu shuleni, naye hukaa pale pale palipokuwa na mayai.

Sasa kwenye baiskeli ya namna hii taa ya nyuma si pambo. Ukiifunga chini ya kiti, kama ilivyozoeleka kwenye baiskeli fupi, mzigo unaifunika yote, na dereva wa lori anayekuja nyuma yako haoni kitu mpaka amekwisha kuagiza chipsi mayai bila kukusudia. Mahali pake ni kwenye ncha kabisa ya keria, chini ya ubao, nyuma ya kila kitu. Hayo nilimweleza yule bwana Jumamosi iliyopita kwa Kiswahili hiki hiki mnachokisoma. Nilimwagiza vitu vinne: taa hiyo, chuma cha mtoto kushikia, kinga ya spoki ili mguu wa mtoto usiingie gurudumuni, na stendi ya miguu miwili, kwa maana stendi ya mguu mmoja chini ya mayai 300 ni sawa na kukaanga barabarani.

Leo asubuhi nimekwenda kuichukua. Chuma cha kushikia kimefungwa kinyumenyume, hivi kwamba mtoto akitaka kukishika lazima akae akiangalia tulikotoka. Kinga ya spoki ni wavu wa dirisha, na mbu wawili bado wamo. Hayo ningeyameza. Lakini taa ya nyuma ilikuwa chini ya kiti. Chini ya kiti, wanajukwaa! Nikashusha trei zangu tupu nilizokwenda nazo, nikazipanga kwenye keria, nikawasha taa, nikamwomba bwana azunguke nyuma aone kama anaiona. Hakuzunguka. Alibaki amekalia tairi lake, akachokonoa jino kwa njiti ya spoki, akasema kwa sauti iliyomfikia hadi muuza kahawa wa ng'ambo ya barabara: "Dada, ng'ombe hana taa ya nyuma, na nyumbani anafika."

Watu saba walikuwa kwenye foleni, na wote saba walicheka. Muuza kahawa alicheka hata akaliweka birika chini. Bibi mmoja aliyekuja kuziba pancha tu, mtu mzima wa heshima zake, alijifunika uso kwa khanga kwa ajili yangu, lakini nikayaona mabega yake yakitikisika.

Ng'ombe! Nimelipa shilingi 85,000 nikafananishwe na ng'ombe mbele ya muuza kahawa! Nimeendesha kutoka mjini hadi Tegeta nikitunga majibu, na jibu lenyewe limenijia nilipofika Lugalo, ambako halikuwa na faida tena: kwamba hata huyo ng'ombe ana mchungaji nyuma yake mwenye fimbo. Kwa nini sikulisema pale pale? Nilichosema pale, na ninaona aibu kuliandika, ni "asante".

MpandaKilima amejibu:

Pole sana, dada. Nimelisoma andiko lako lote kwa makini na nimebaki na swali moja tu. Trei zilikuwa tupu kwa maelezo yako mwenyewe, na ilikuwa asubuhi jua limekwisha kuchomoza. Je, si kweli kwamba bwana yule alikataa tu kuhukumu taa mchana na mzigo usiokuwa na mayai? Mimi namwona kama mtu wa sayansi.

FundiMstaafu amejibu:

Nimeshika spana miaka mingi kabla ya kustaafu, na naomba kwanza nimtetee ng'ombe. Macho yake usiku hurudisha mwanga wa gari, kwa hiyo riflekta anazo za kuzaliwa; kasoro ni kwamba ziko mbele.

Ama kuhusu taa, yule bwana alikwepa waya, wala si kitu kingine. Dainamo ya kawaida, yaani kile kijenereta kinachozungushwa na gurudumu, hutoa volti 6 na wati 3, na katika taa za balbu za zamani umeme huo uligawanywa wati 2.4 mbele na 0.6 nyuma. Kwenye baiskeli ndefu waya wa nyuma hauna budi kupita fremu nzima hadi kwenye ncha ya keria, uachiwe ulegevu kidogo, na uvalishwe mpira ili usisagwe na mzigo. Waya huo ukikatika njiani, balbu ya mbele inapokea umeme wote peke yake, na ukishuka mteremko kwa kasi nayo inaungua, ukabaki gizani mbele na nyuma. Kuufunga vizuri ni kazi ya saa nzima. Chini ya kiti ni kazi ya dakika tano, na kahawa inanywewa mapema.

MamaTrei ameandika:

Nashukuru, mzee wangu, kwa elimu hiyo, lakini naona tunaelekea kwenye waya na tunamwacha ng'ombe. Mngelisikia lile neno lilivyotamkwa! Hakulitamka kwa hasira, jambo ambalo ningelielewa. Alilitamka kwa upole, kama daktari anayekupa habari za mgonjwa. "Na nyumbani anafika." Kisha akaongeza sauti ya redio.

KimaraMwisho amejibu:

Dada, wewe shukuru Mungu kwamba umefananishwa na mnyama mwenye faida. Mimi, bwana huyo huyo aliniuzia taa ya mbele iliyoandikwa lumeni 10,000, yaani kipimo cha mwanga, na betri yake imeandikwa 9900 mAh, yaani kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi. Baadaye kijana wa simu alinieleza kwamba betri za umbo lile, zinazoitwa 18650, hata zile bora kabisa huishia karibu na 3500, na kwamba anayeandika 9900 angeweza pia kuandika namba yake ya simu. Nilitoka Kimara usiku nikimulika vizuri sana matawi ya miti, kwa maana taa yenyewe haina kioo cha kuushusha mwanga chini ukalala barabarani, bali inautawanya kila upande hadi machoni mwa madereva, na wote walinipigia honi. Ubungo sikuifikia. Taa ilizimika ghafla kama shamba la wachawi kulipokucha.

Niliporudi dukani, bwana aliichukua, akaipuliza, akaitia sikioni, akanirudishia, akasema: "Kaiombee." Naomba wanajukwaa mpime wenyewe ni nani kati yetu aliyetukanwa zaidi.

MpandaKilima amejibu:

Uliiombea?

KimaraMwisho amejibu:

Niliiombea. Iliwaka dakika mbili.

MswahiliWaMuenster amejibu:

Poleni nyote. Mimi niko Münster, Ujerumani, mji ambao baiskeli ni nyingi kuliko salamu, na nina baiskeli ndefu ya kubebea wanangu wawili. Huku taa ya baiskeli lazima iwe na alama ya idhini, yaani mstari wa wimbi na herufi K pamoja na namba, na taa za kuwakawaka haziruhusiwi. Nilinunua taa ya nyuma yenye kapasita ndani, kijidude cha kuhifadhi umeme kidogo, inayoendelea kuwaka dakika kadhaa baada ya gurudumu kusimama, kwa sababu kwenye makutano ya barabara ndiko ninakoogopa zaidi. Fundi aliifunga mahali panapostahili, kwenye ncha ya keria. Lakini aliukata waya ukapungua sentimita 10, akauunga kwa gundi ya karatasi chini ya ubao, nisikoweza kuona. Mvua ya kwanza ilipomaliza kazi yake nilikwenda kulalamika, naye hakunitukana, hakunicheka, wala hakutaja mnyama yeyote. Alinieleza kwa adabu, kwa muda wa dakika 15, kwamba katika karatasi ya kazi sikuwa nimetaja mvua. Ningependelea ng'ombe.

MamaTrei ameandika:

Ndugu yangu wa Ujerumani, usiseme ungependelea kabla hujaambiwa. Hujamwona yule bibi alivyojifunika khanga.

BusiaMpakani amejibu:

Kwetu Busia, ambako bodaboda zilianza kama baiskeli za kuvusha abiria kati ya Kenya na Uganda, taa ya nyuma haikuhitajika, kwa sababu abiria mwenyewe alikaa nyuma na alipoliona lori alipiga mayowe. Kwa hiyo katika hili la taa sina la kuchangia. Linaloniudhi mimi ni stendi, na nashangaa dada ameitaja mara moja akaipita.

Nina baiskeli ndefu ya kusambazia soda. Stendi yangu ya miguu miwili imechomelewa kwa nondo za ujenzi, ni nzito kama mlango wa benki, lakini miguu yenyewe imeachana upana wa kiganja tu. Wiki iliyopita nilipakia kreti mbili nyuma, nikageuka kumpa mteja chenji. Nikasikia ukimya. Nilipogeuka, gurudumu la mbele lilikuwa linainuka taratibu, shingo juu, kama jogoo anayetaka kuwika, kisha baiskeli yote ikalala ubavu na chupa zikajibu. Aliyeichomelea aliniambia kosa ni langu kwa kutoa chenji.

FundiMstaafu amejibu:

Stendi yako imefungwa mbele mno, na mzigo wako umeuanzia nyuma mno. Kwenye baiskeli ndefu kilicho kizito hukaa karibu na kiti na chini iwezekanavyo, kwenye vile vyuma vya pembeni, na ubao wa juu unaachiwa vitu vyepesi. Miguu ya stendi nayo iachane kwa upana unaokaribia upana wa mzigo. Kreti mbili za soda kwenye ncha ya keria ni kumfundisha farasi kusimama.

BusiaMpakani amejibu:

Mzee, mbele karibu na kiti ndipo anapokaa mke wangu.

FundiMstaafu amejibu:

Basi mke akae nyuma, soda zikae mbele.

BusiaMpakani amejibu:

Nimemsomea jibu lako. Amesema wewe na yule bwana mmesoma shule moja.

AsaliTabora amejibu:

Wakuu, mkiwa bado kwenye stendi naomba nami nipewe nafasi. Natumia baiskeli ndefu kuleta madumu ya asali mjini, na tatizo langu ni cheni. Cheni moja ya dukani haiifikii gurudumu la nyuma la baiskeli hizi, kwa hiyo lazima uiunge na kipande cha nyingine. Fundi wangu aliunga mpya na kuukuu. Sasa kila kipande kuukuu kinapopita kwenye meno, pedeli linaruka na goti langu linagonga usukani. Na kwa kuwa kuukuu ni theluthi ya cheni, mtu akiniona kwa mbali anadhani nacheza ngoma. Nilipomuuliza, alisema mpya itaifundisha ya zamani.

KimaraMwisho amejibu:

Unahitaji cheni mbili mpya za aina moja. Nenda kwa yule bwana ukija Dar. Kwa cheni hana mpinzani, nasema kweli, na bei yake ni nzuri. Usimwulize habari za taa tu.

MpandaKilima amejibu:

Nathibitisha. Cheni yangu ya kwake ina miaka minne.

FundiMstaafu amejibu:

Na ukizinunua, hesabu pingili pale pale dukani, na pini ya kuungia ununue mbili, kwa kuwa moja lazima idondokee mchangani.

MamaTrei ameandika:

Ndugu wa Tabora, ukienda kwake naomba uniulizie bei ya waya wa mita tatu na mpira wa kuuvalisha. Usimwambie ni wangu.