Re: Nahamia Ujerumani na kazi ni ya kusafiri safiri, nijipange vipi?

> Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mwezi ujao naanza kazi Frankfurt na wameshaniambia ntakuwa natumwa Brussels, Milan na Zürich. Naombeni ushauri.

Marahaba mdogo wangu, hongera sana na karibu huku. Wengi watakwambia habari za majaketi na baridi, hayo utayajua mwenyewe wiki ya kwanza tu, mi nakushauri uanze na makaratasi manake huku karatasi moja ndo inafungua nyingine na mtu wa safari kama wewe hutapata nafasi ya kuyafuatilia baadaye.

Cha kwanza kabisa Anmeldung, yani kuandikisha anuani yako ofisi ya mji, sheria inakupa wiki 2 toka uhamie na lazima uwe na karatasi ya mwenye nyumba, inaitwa Wohnungsgeberbestätigung. Sasa ukipata chumba alafu mwenye nacho akakwambia kaa tu ila usijiandikishe hapa, kimbia, hata kama bei ni nzuri. Namba yako ya kodi ya mapato inakuja kwa posta kwenye anuani hiyo hiyo, na bila hiyo namba mwajiri anaweza kukukata kodi ya mapato kwa daraja la 6 ambalo ndo linakata kuliko yote, kurudishiwa utarudishiwa lakini miezi ya mwanzo ndo unazihitaji hizo hela, kuna dipoziti ya nyumba inaweza kufika pango la miezi 3 (sheria inakuruhusu uilipe kwa mafungu 3, usione aibu kuomba). Na jina lako libandike kwenye sanduku la barua siku ile ile unayoingia, mtu wa posta huku hasemi ngoja niulize jirani, asipoona jina barua inarudi.

Haya, safari. Kadi ya ukaazi ya Ujerumani inakuruhusu kwenda nchi nyingine za Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku za kazi na za kutembea zinahesabiwa pamoja, kwa hiyo weka daftari. Uingereza na Ireland hazimo, kwa pasipoti zetu unaomba viza kama kawaida. Alafu kuruhusiwa kuingia nchi sio kuruhusiwa kufanya kazi nchi hiyo, kikao cha siku mbili sawa, ila wakitaka ukae kwa mteja wiki nzima nzima kila nchi ina masharti yake, waambie ofisini wakujibu kwa imeili sio kwa mdomo.

Pasipoti tembea nayo pamoja na kadi, kila safari. Toka Septemba 2024 Ujerumani wanakagua mipaka yao yote ya nchi kavu, kuna ndugu yetu mmoja alikuwa anarudi kutoka Paris na basi la usiku, kadi anayo pasipoti kaacha nyumbani, wakamteremsha akakaa hapo mpakani masaa mpaka wakamaliza kumhakiki, na mtu hana kosa jingine lolote. Iliniuma sana.

Kingine ambacho makampuni mengi yanasahau ni cheti cha A1, kinaonyesha unachangia hifadhi ya jamii Ujerumani, kinatakiwa hata kama unakwenda siku moja tu, mwajiri ndo anakiomba, we mkumbushe kabla hajakukatia tiketi.

Na hili la bima naomba ulishike kweli kweli. Nyuma ya kadi yako ya bima ya afya ya serikali kuna kadi ya Ulaya, Brussels na Milan utatibiwa nayo vizuri. Ila sisi wenye pasipoti za nje ya Ulaya haitufai Uswisi, Denmark, Norway, Iceland wala Liechtenstein, watu wanakaa miaka huku hawajui hilo. Kwa hiyo safari za Zürich dai bima ya safari, na data za simu zima kabla ya mpaka manake Uswisi haimo kwenye utaratibu wa simu wa Umoja wa Ulaya, bili yake inatisha.

Kadi ya ukaazi ikikaribia kuisha omba mpya mapema. Wakikupa Fiktionsbescheinigung, yani karatasi ya muda ya kushika wakati unasubiri kadi mpya, angalia wametia alama wapi, ikiwa ni kifungu cha 81 cha sheria ya ukaazi, fungu la 4 unaweza kutoka na kurudi, ikiwa ni fungu la 3 usitoke Ujerumani hata bosi akikasirika.

—

Dada kasema yote, mi naongezea treni tu. Deutschlandticket, yani tiketi ya mwezi ya nchi nzima, ni ya treni za mkoa, mabasi na za mjini, ICE (treni za kasi za masafa marefu) haihusiki. Treni ikichelewa kufika kwa dakika 60 unadai asilimia 25 ya nauli, dakika 120 nusu, isipokuwa chanzo kiwe kitu kama dhoruba, kwa hiyo tunza tiketi. Na ukirudi Jumamosi usiku jua Jumapili maduka yamefungwa, yale ya ndani ya stesheni kuu ndo yanakuwa wazi. Unga wa ugali utaupata mitaa ya hapo hapo karibu na stesheni kwenye maduka ya Waafrika, nunua wa kutosha. Ukifika tuandikie tuje kukupokea, usichukue teksi na mizigo peke yako.