Kijana akihama kikosi baada ya msimu, amesaliti?

Mleta mada (mama, Indiana)

Wadau, hamjambo. Naomba tujadili jambo ambalo limetufanya nyumbani tule chakula kimya wiki nzima.

Mwanangu ana miaka 19, anapuliza tarumbeta. Misimu miwili amekuwa kwenye kikosi kidogo, sitakitaja. Safari hii kaenda usaili wa kikosi kikubwa, kakubaliwa. Siku alipowaambia wenzake, jioni hiyo hiyo akatolewa kwenye kundi la WhatsApp. Mmoja wao, waliyelala mkeka kwa mkeka kiangazi kizima, alimtumia neno moja tu: msaliti. Wengine wanamwita mfukuza pete, kwa sababu mabingwa huvaa pete ya ubingwa.

Kwa asiyeujua mchezo huu, hii si bendi ya shule. Ni vikosi vya vijana vya tarumbeta, ngoma na bendera vinavyoshindana kila kiangazi Marekani chini ya Drum Corps International, chombo kilichoanzishwa 1971. Fainali ya kwanza ilifanyika 1972 huko Whitewater, Wisconsin. Tangu 2009 fainali iko hapa Indianapolis, uwanja wa Lucas Oil, mwezi Agosti. Kikosi kikubwa kinaingiza uwanjani watu zaidi ya 150, na hakuna kijana anayelipwa. Mzazi ndiye anayelipa, na kwa vikosi vya juu ni maelfu ya dola kwa msimu mmoja, nauli mbali. Wanalala sakafuni kwenye kumbi za michezo za shule, wanasafiri usiku kwa basi, na kukicha wako juani tena. Kisha kuna kikomo cha umri: ukitimiza 22 kabla msimu haujaanza, ndiyo basi tena.

Julai nilikwenda kuwaona wakifanya mazoezi, saa nane mchana, jua la kupasua kichwa. Kila kijana alikuwa na dumu lake la maji la karibu lita nne, na kidaftari kimening'inia shingoni kwa kamba. Walipopumzika nikakichungulia cha mwanangu. Kila ukurasa ni namba za mahali pa kusimama: hatua tatu kutoka mstari wa yadi 40, hatua sita kutoka mstari wa mbele. Hatua nane kwa kila yadi tano, ndivyo wanavyopima uwanja, ambao ni wa mpira wa Kimarekani. Kurasa zimelowa jasho mpaka wino umesambaa. Pembeni ya ukurasa mmoja kulikuwa na mwandiko usio wake, unamwambia amsikilize aliye kushoto kwake, asihesabu peke yake. Nikauliza ni wa nani. Ni wa kiongozi wa safu yake. Ndiye yule yule aliyekuja kumwita msaliti.

Kwa hiyo sizungumzi kama mtu asiyejua kilichovunjika pale.

Lakini msimamo wangu ni huu: ahadi ya kijana ni msimu. Kama ameumaliza hadi siku ya mwisho, hakutoroka Julai, hakuacha deni la ada, basi hadaiwi. Mcheza mpira aliyekosa nafasi mwaka huu ataitafuta mwakani, na mwaka wa kesho kutwa. Mwanangu amebakiwa na misimu miwili ya maisha yake yote. Anataka kusimama usiku wa fainali pamoja na vile vikosi 12 vinavyofika huko, na mimi siwezi kumwambia hiyo ni tamaa mbaya.

Nilichomgombeza ni kimoja: aliaga kwa ujumbe wa simu badala ya kumpigia mwalimu wake aongee naye. Hapo alikosea. Mnasemaje?

Mpiga snea wa zamani, Texas

Shikamoo mama. Kwa heshima zote, napinga hoja.

Nilikaa misimu minne kikosi kimoja nikipiga snea, ile ngoma ndogo ya gwaride, na usiku wa fainali tuliutazama kutoka viti vya watazamaji kila mwaka. Mwaka wangu wa kwanza sikuweza hata kushika fimbo ya mkono wa kushoto sawasawa. Kulikuwa na kaka wa mwaka wa tatu. Taa zikishazimwa alikuwa anakaa nami kwenye ngazi za nje, ananishikia kiganja, ananiambia nipige polepole juu ya kiatu changu, si juu ya ngoma, tusiwaamshe watu. Kila usiku, wiki mbili. Halipwi, na ada kalipa kama mimi. Angehama baada ya mwaka wa pili, mimi ningefundishwa na nani?

Hicho ndicho kinachoondoka na mwanao, mama. Tarumbeta moja hupatikana. Mtu aliyeshajua namna ya kumlea mgeni hapatikani mpaka umtengeneze upya, na inachukua miaka miwili.

Tazameni mzunguko wenyewe. Blue Devils wa Concord, California, wana mataji 21. Usaili wao unavuta vijana kutoka nchi nzima, wengine wanavuka bahari. Kikosi kidogo kinapoteza watu wake 20 walioiva, kinabaki na wageni watupu, alama zinashuka, na mwaka unaofuata wengine wanaondoka kwa sababu alama zimeshuka. Kila mmoja akiulizwa atasema ni uamuzi wake binafsi. Mwisho wa yote kuna mji ambao mtoto wake hana tena pa kuanzia.

Na hiyo pete! Mwaka 2008 Phantom Regiment waliwashinda Blue Devils kwa alama 0.025 kati ya 100. Majaji wale wale wangekaa kesho yake, huenda ingetoka tofauti. Kwa kitu chembamba namna hiyo unawaacha watu waliokubeba?

Mzee wa Tanga, niko Ohio

Wanangu, nyote mmesema vizuri, ila neno hili "uaminifu" mnalibeba kutoka zama nyingine bila kuliangalia.

Kwetu pwani kulikuwa na beni. Tarumbeta, ngoma kubwa, magwaride, vyeo vya kijeshi, na kushindana mpaka watu kufilisika: Marini upande huu, Arinoti upande ule. Huhami kama unavyobadili shati, kwa sababu kikundi ndicho kilichompokea mgeni mjini, na ndicho kilichosimamia maziko yako. Ulikipa uaminifu, nacho kikakupa jamaa.

Vikosi vya hapa Marekani vilianza karibu hivyo hivyo, kutoka makanisani, mitaani, na kwenye matawi ya wanajeshi waliorudi vitani. Cadets walizaliwa 1934 katika parokia moja ya Garfield, New Jersey. Mtoto wa mtaa anacheza kikosi cha mtaa, jirani zake wanamtazama. Wakati huo ukihama umewahama mpaka wajomba zako. Leo kijana wa Ohio anapanda ndege kwenda kambini California, kisha anatuma malipo kwa kadi. Si mtaa tena, ni mkataba wa kiangazi kimoja, ila wanaokusanya ada wanapenda uitwe ukoo.

Na ukoo huo unaweza kufungwa. Cadets hao hao, wenye mataji 10, walifunga milango Aprili 2024, wamelemewa na kesi na gharama zake, mwezi mmoja tu kabla ya vijana kuingia kambini. Santa Clara Vanguard walikuwa mabingwa 2018. Mwaka 2023 hawakutoka kabisa kwa sababu ya fedha, wakarudi mwaka uliofuata. Vijana wa vikosi hivyo walitafuta hifadhi kwingine, na walipokelewa. Hakuna aliyewaita wasaliti. Kumbe kuhama kwenyewe siyo dhambi, mnachomwonea kijana huyu ni kwamba kachagua mwenyewe.

Mzazi, Kentucky (kwetu Bukavu)

Mimi naona mnapita pembeni. Ni pesa.

Binti yangu alikubaliwa kikosi kikubwa, akabaki kwenye kidogo kwa sababu kiko saa mbili kwa gari na ada yake ni karibu nusu. Watu wanamsifu sana kwa uaminifu wake. Nikisikia hivyo moyo unaniuma, kwa sababu ninajua aliutaka ule mkubwa, alilia chumbani. Siyo uaminifu, ni mfuko wangu. Kabla hamjawapanga watoto hawa, waaminifu huku na wasaliti kule, muulize kwanza nani alikuwa na uwezo wa kuondoka.

Mbeba bendera, miaka 20

Shikamooni wote. Mimi nimehama, kwa hiyo niseme kwa niaba ya watuhumiwa.

Sikuhama kwa ajili ya pete. Nilimfuata mwalimu. Kwenye bendera na upanga, mwalimu ndiye kila kitu. Upanga ukizunguka mara sita hewani na wewe chini hujui mkono wako uwe wapi, hakuna jina la kikosi litakalokudakia. Mwalimu aliyenifundisha kudaka bila kufumba macho alichukuliwa na kikosi kingine msimu ulipoisha. Tangazo likatoka na picha yake nzuri, watu wakampongeza mamia kwa mamia. Wiki sita baadaye nikamfuata, mimi nikaitwa sina shukrani.

Hili ndilo naomba mnijibu. Walimu wanahama kila vuli, wanalipwa, wanapongezwa. Sisi tunaolipa ndio tunaodaiwa uaminifu?

Kaka wa Texas, umesema kuhama kunaua vikosi. Nakubali, kunaweza. Lakini tazama Boston Crusaders. Wapo tangu 1940, ni miongoni mwa waliounda Drum Corps International, na bado fainali ya kwanza waliingia 1999. Baada ya msimu wa 2016 walimu kadhaa wa Cadets walihamia Boston, na vijana wakafuata. Kikosi kikapanda, na 2025 kikachukua ubingwa wake wa kwanza wa Drum Corps International. Waliokaa miaka yote ile bila kitu walikishikilia kisife, nawaheshimu sana. Waliohamia nao walikinyanyua. Ukiwafukuza wahamaji kwenye hadithi hii, hadithi haipo.

Mpiga snea wa zamani, Texas

Dada, kwa walimu umenibana na sina jibu. Kweli tunawapigia makofi. Nimepiga makofi mimi mwenyewe.

Kwa Boston bado nasita kidogo, kwa sababu unanionyesha kikosi kilichopokea. Ungenionyesha na safu zilizobaki wazi kule walikotoka. Ila Mzee kasema kweli: kikosi kinachoweza kufunga Aprili hakina haki ya kudai miaka minne ya mtu.

Nibadilishe dai langu basi. Sidai mtu abaki. Nadai asiondoke kimya. Usiku wa mwisho wa Agosti, baada ya fainali, mnapopakua mizigo kwenye basi, wengi tayari wanajua kama watarudi. Semeni hapo hapo. Kiongozi wa safu ajue kabla ya Novemba kwamba nafasi yako iko wazi, atafute mtu, amwandae. Kilichomchoma yule rafiki wa mwanao, mama, nadhani ni kwamba kajua mwisho, pamoja na watu wasiomhusu. Hata mimi ningeandika neno baya.

Mleta mada

Ahsanteni sana. Mzee, shikamoo na shukrani. Baba wa Kentucky, maneno yako nimeyasoma mara tatu. Sikuwa nimefikiria kwamba hata huku kuhama kwa mwanangu ni kwa sababu mimi na baba yake tulipata zamu za ziada mwaka huu.

Nilimsomea mwanangu maneno ya kaka wa Texas. Alinyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba alijua tangu Agosti. Aliogopa kusema kwenye basi, kila mtu alikuwa analia na kukumbatiana, akaona atawaharibia. Nikamwambia hiyo ilikuwa sababu nzuri ya kungoja mpaka asubuhi, si mpaka Desemba. Amempigia mwalimu wake wa zamani, wameongea dakika kumi hivi, vizuri tu. Rafiki yake hajapokea simu.

Kambi ya kwanza ya kikosi kipya ni Ijumaa. Jana kanishikia jaketi la kikosi cha zamani, lenye jina lake mgongoni, ananiuliza kama alivae kwenda nalo au aliache kabatini, maana huko watamwona bado ana mguu nje, na akiliacha huku watasema kawatupa. Nimemwambia avae, kuna baridi na ni lake. Baba yake kasema aliache. Jaketi liko juu ya kiti mpaka sasa ninapoandika, na ana siku tatu. Wenye uzoefu na kambi hizi, wanalichukuliaje?