Skafu, soksi au sweta: lipi linabeba vizuri hadithi ya mapenzi?

Sindano Nne
Wanajamvi, tulinganishe. Kwenye riwaya za mapenzi zenye mhusika anayefuma, mnaona vazi lipi linaibeba hadithi? Utamu wa mfumaji ni kwamba mikono ina kazi huku masikio na mdomo viko huru: anakaa na mtu saa nzima bila kumkodolea macho, na kimya hakiwi kizito. Ila mwandishi akikosea ufumaji wenyewe, sisi tunaofuma tunafunga kitabu.

Bi Kitanzi
Sweta. Sababu ni vipimo. Huwezi kulifuma kwa kukisia. Lazima upime mzunguko wa kifua, upana wa mabega, na mkono kutoka kwapa hadi kiganja kinapoanzia. Mwandishi amepewa bure sababu ya wawili kusogeleana, na utepe wa kupimia juu yake.

Halafu kuna sampuli: kipande cha sentimita 10 kwa 10, unahesabu vitanzi vya mstari mmoja. Tuseme vilitakiwa 22, mfumaji anayelegeza akapata 20. Akipuuza, vitanzi 220 vilivyopaswa kutoa kifua cha sentimita 100 vitatoa 110. Na mkono hubadilika na moyo: ukitulia hulegeza, ukikasirika hukaza. Mpe mhusika ugomvi akiwa katikati ya sweta alilolianzia chini, sehemu ya juu itabana. Huna haja ya kuandika kwamba aliumia, kitambaa kimeshasema.

Uzi Mwekundu
Dada Kitanzi, sweta linachelewa mno. La mtu mzima linakula mita 1,000 hadi 1,500 za uzi, na kwa anayefuma jioni tu hiyo ni kazi ya wiki nyingi. Ndiyo maana wafumaji wana imani ya "laana ya sweta": ukimfumia mpenzi kabla ya ndoa, mtaachana. Ni imani tu, ila ina mantiki yake. Kazi ni ndefu kuliko penzi changa, na zawadi nzito humtisha ambaye hajajiweka tayari.

Kwa hadithi fupi mpeni skafu: upana sentimita 20, urefu 160 hadi 180, madonge mawili ya gramu 100 ya uzi wa unene wa kati. Tahadhari moja. Mkimfumisha mhusika mstari mmoja vitanzi vya kawaida na unaofuata vya kinyume, kingo zitajikunja skafu iwe bomba. Anayejifunza hufuma vitanzi vya kawaida kila mstari, kitambaa kinalala. Kosa lake halisi ni kuongeza vitanzi pembeni bila kujua: alianza na 40, sasa ana 47, skafu imepanuka upande mmoja. Mpenzi anayeivaa hivyo hivyo hahitaji kutamka lolote.

Msomaji wa Usiku
Na kroshia, ule ufumaji wa kulabu moja, je? Kiswahili nacho kimeweka kufuma na kufumania mlango mmoja, sijui kwa nini.

Bi Kitanzi
Kroshia kwa kawaida ina kitanzi kimoja tu kilicho wazi. Kichomoe, vuta uzi, kazi yote inafumuka. Inafaa tukio la hasira. Kwenye sindano mbili vitanzi vyote vya mstari viko wazi. Kimoja kikidondoka kinateremka mstari baada ya mstari kama ngazi, na mtu ana muda wa kukiokoa, tena kwa kulabu hiyo hiyo ya kroshia. Penzi linalolegea taratibu, mpe sindano.

Sindano Nne
Soksi mmezitupa? Vitanzi 60 hadi 64, sindano za milimita 2.25 au 2.5, gramu 100 zenye mita 400 hivi zinatoa jozi. Zinaingia mkobani, kwa hiyo mhusika anafuma popote anaposubiri. Akifika kugeuza kisigino lazima ahesabu; akiulizwa swali zito hapo, "ngoja nimalize mstari" ni jibu la kweli na ni kisingizio pia. Shida ni soksi ya pili, ambayo wengi huishiwa hamu nayo.

Uzi Mwekundu
Basi tukio bora liko kabla ya kufuma. Uzi unaouzwa ukiwa umesokotwa kama mkate haufumwi ulivyo. Unafunguliwa uwe duara kubwa, mmoja analishika kwa mikono miwili iliyotanuliwa, mwenzake anakunja donge. Mita 400 hazikunjwi upesi. Mshikaji akishusha mkono mmoja, nyuzi zinatatizana, kwa hiyo haondoki.