Naomba ushauri: kupima joto la gia boksi kwenye pikapu inayovuta tela

Wakuu, habari za kazi. Nina Hilux ya dizeli, gia otomatiki, navuta nayo tela lenye mabati na saruji kutoka Morogoro kwenda Mafinga. Tambarare haina shida. Kasheshe ni mlima wa Kitonga: nyuma ya lori, mwendo wa kutambaa, kona kali, gia zinapanda na kushuka zenyewe bila kutulia, na mshale wa joto kwenye dashibodi umetulia tuli katikati.

Ule mshale unapima maji ya injini tu. Oili ya gia boksi inaweza kuungua huku wewe unaona kila kitu shwari, na hilo linanikosesha amani kabisa. Ninavyofahamu, nyuzi 80 hadi 95 ni kawaida, ikipita 120 oili inaanza kuchoka haraka.

Kuna fundi anasema ninunue kisomeo cha OBD (kinachomekwa kwenye soketi ya kompyuta ya gari) nisome kwa simu. Mwingine anataka kufunga geji yenye sensa yake. Mimi naegemea geji, simu barabarani inapoteza umakini. Ila sensa ikae wapi: kwenye sampu (bakuli la oili chini ya gia boksi), au kwenye bomba linalopeleka oili kwenye kipozeo? Najua bomba hilo husoma joto kubwa zaidi, maana oili inatoka moja kwa moja kwenye konvata (kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi). Sasa mnaovuta mizigo milimani, mnafuata usomaji upi, na mkifika nyuzi ngapi mnapaki pembeni? Na kipozeo cha ziada cha oili mbele ya rejeta kimewasaidia kweli?